Kuusoma upepo na maji ya Nyali na Bamburi: mwongozo kamili kwa wachezaji wa kaiti na ubao wa tanga

Ufuo wa kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kuanzia Nyali kupitia Bamburi hadi Shanzu, una karibu kila anachokitaka mchezaji wa kaiti (tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya ubao majini) au wa ubao wa tanga: upepo wa msimu unaotegemewa, maji ya vuguvugu mwaka mzima, na mwamba unaoyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika mchangani. Lakini kuna jambo linalowaponyoka wageni wengi, na hata wenyeji waliozoea kutazama minazi tu ikiyumba: hapa maji ndiyo yanayoamua kama utacheza, kisha upepo. Noti 18 za upepo safi zikikukuta maji yamekupwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, utasimama juu ya mawe na majani ya bahari huku kaiti inakuvuta. Upepo uo huo saa sita baadaye utakukuta ufuo wote umemezwa na mawimbi yanapiga kuta za mahoteli, huna pa kutua. Baina ya hali hizo mbili mna nafasi ya muda wa saa mbili na kidogo ambayo ni raha tupu, na kuijua nafasi hiyo ndiyo kazi ya mwongozo huu.

(Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani karibu kilomita 1.85. Noti 10 ni kama kilomita 18 na nusu kwa saa.)

Hatua ya kwanza: jua uko katika msimu gani

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, nguvu zake kubwa zikiwa Juni, Julai na Agosti. Asili ya pepo hizi ni bara la Asia. Mwezi wa Januari bara lile huwa baridi, hewa yake nzito humiminika kuja kusini juu ya Bahari ya Uarabuni mpaka kwetu. Julai mambo hugeuka: bara limepata moto, na hewa huvutwa kutoka upande wa Mauritius na Réunion, hupita pwani yetu na kuvuka ikweta kuelekea India. Majahazi yaliishi kwa ratiba hiyo karne na karne. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ilikuwa inaingia, akafika Calicut, India, kwa muda usiozidi mwezi. Kurudi kwake bila kusubiri msimu kulimchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi wakamfia njiani. Kalenda yetu ya kaiti haina tofauti na ile ya nahodha.

Ukisimama ufuoni Nyali unatazama bahari, kaskazi inakujia kutoka kushoto na kusi kutoka kulia. Hilo likae kichwani, maana kila uamuzi mwingine unatoka hapo.

Kaskazi ndio msimu wa mwanagenzi. Siku nyingi ni kavu, mbingu nyeupe, na upepo hufuata saa. Asubuhi huwa mwepesi. Nchi kavu ikishapata joto, kuanzia saa nne au saa tano, hewa ya baharini huvutwa kuja ufuoni na kujiunga na kaskazi, na nguvu hupanda hadi saa nane, saa tisa alasiri. Hapo utapata noti 12 hadi 20. Kaskazi ya asubuhi huenda karibu sambamba na ufuo. Ya alasiri hujipinda kidogo kuelekea mashariki na kukusukuma ufuoni kwa mshazari. Mshazari huo ndio unaotakiwa, kwa sababu kifaa kikikatika utaishia mchangani.

Kusi ina nguvu zaidi, noti 15 hadi 25, na huja na mawimbi marefu yaliyotoka mbali. Ni msimu wa waliokwisha kuiva. Una mitego miwili ambayo haina budi kuelezwa vizuri.

Mtego wa kwanza ni wa asubuhi. Kusi ya alfajiri mara nyingi hutoka kusini-magharibi, yaani ina mkono wa nchi kavu ndani yake. Juu ya maji utaona pametulia, karibu na ufuo hakuna wimbi, nawe utasema leo ni siku njema. Upepo huo umepita juu ya majumba na minazi, kwa hiyo una mapigo: unalala, unaamka, unalala. Halafu unakusukuma nje. Hakuna mchezaji wa kaiti anayepaswa kuingia na upepo utokao nchi kavu ikiwa hakuna boti ya injini inayomngoja, hata awe hodari namna gani. Subiri mpaka upepo ugeuke, uingie kutoka kusini au kusini-mashariki. Mara nyingi hugeuka kabla ya adhuhuri.

Mtego wa pili ni manyunyu ya kusi. Utaliona wingu limeinama upande wa kusini-mashariki, chini yake pazia la kijivu. Tazama maji yaliyo mbele ya pazia hilo: hugeuka rangi, yakawa meusi, na mpaka baina ya maji meusi na ya kijani husogea kukujia. Mpaka huo ndio upepo wenyewe. Ukifika, noti 15 zinaweza kuwa 25 au zaidi kwa muda wa dakika chache, hewa inakuwa baridi ghafla, mvua inapiga, kisha upepo unaanguka kabisa. Mtu aliye na kaiti kubwa anapata hatari mara mbili, kwanza kwa kuinuliwa, halafu kwa kuachwa katikati ya maji bila upepo wa kumrudisha. Mpaka mweusi ukiwa bado kwenye mwamba wewe uwe umeshatua na kaiti imetolewa upepo. Ukishangaashangaa kidogo tu umechelewa.

Aprili na Mei ni mvua za masika na upepo usio na msimamo. Oktoba na Novemba ni matlai, upepo mwepesi wa mashariki. Unamfaa anayejifunza kusimama juu ya ubao wa tanga, lakini mwenye kaiti atapiga miayo.

Hatua ya pili: chukua jedwali la maji kabla hujatazama utabiri wa upepo

Mombasa maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kukupwa hufika mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote. Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la mwaka mzima. Pata nakala, au tumia programu yoyote ya simu inayotaja Kilindini, bandari ya Mombasa.

Sasa kuna kitu kinachorahisisha maisha ya kila aendaye baharini hapa. Saa za bamvua hazibadiliki sana mwaka mzima. Bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa karibu saa nne au saa tano, na hukupwa karibu saa kumi. Kwa hiyo hata bila jedwali, ukiutazama mwezi tu utakuwa na picha ya kesho.

Weka hayo juu ya saa za upepo wa kaskazi uone. Siku ya bamvua, saa tano asubuhi upepo unaamka na maji yamekupwa kabisa. Kati ya ufuo na mwamba kuna sehemu unazoweza kutembea kwa miguu, kina hakifiki magoti, na chini yake kuna mawe, matumbawe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye majani. Kuanguka hapo ni kukatwa au kudungwa. Kufikia saa saba maji yamefika kiunoni, mwamba bado unazuia mawimbi, uso wa maji ni laini, upepo umekaza. Huo ndio wakati. Saa tisa mwamba umefunikwa, mawimbi yanaupita juu na kuingia ndani, maji yanaanza kuchafuka. Saa kumi ufuo haupo. Nafasi yako ilikuwa saa saba hadi saa tisa na kidogo.

Siku ya maji mafu mambo ni mapole. Maji hayapandi sana wala hayashuki sana, ufuo unabaki, na unaweza kucheza tangu saa tano mpaka jioni. Ningekuwa namfundisha mtu kuanzia mwanzo, ningempangia wiki yake ya kwanza kwenye maji mafu ya Januari au Februari, na hoteli aitafute baada ya kuzijua tarehe hizo.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja pia. Ugawe muda wa kujaa katika saa sita. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chote, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3 maana yake ni sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, halafu 75 na 75, kisha 50 na 25. Ndiyo sababu mtu huacha begi lake mchangani, akarudi baada ya saa moja akalikuta linaelea. Na maji yanapotoka ni vivyo hivyo: saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa ndizo zenye mkondo mkali.

Mkondo huo unaelekea wapi? Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Maji yaliyo ndani ya mwamba ni kama yaliyo kwenye beseni lenye pengo. Yakianza kukupwa hutafuta milango, yaani mapengo ya mwamba, na kutoka kwa nguvu. Siku za mawimbi makubwa, maji yanayorushwa juu ya mwamba nayo yanatafuta mlango wa kutokea, hivyo mkondo unaweza kwenda nje hata wakati maji yanajaa. Utautambua mlango kwa rangi yake ya buluu nzito na kwa kukosa povu: pande zote mbili mawimbi yanavunjika, katikati hayavunjiki. Mgeni huona hapo ndipo pazuri pa kupita. Usiende karibu na mlango maji yakiwa yanatoka.

Hatua ya tatu: utabiri

Hapa sina mengi. Tazama programu mbili tofauti za upepo na taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo hutoa tahadhari pepo zinapotarajiwa kuzidi noti 25. Tahadhari hiyo ikitoka, kaa nchi kavu. Yakumbuke mambo mawili tu: urefu wa mawimbi unaoonyeshwa na programu ni wa bahari ya nje ya mwamba, si wa ndani, na namba ya upepo ni wastani, mapigo yanazidi. Ukiona wastani ni 16 na mapigo ni 27, hiyo siyo siku ya noti 16.

Hatua ya nne: simama ufuoni dakika ishirini kabla hujafungua begi

Simu imeshasema yake, sasa tazama mwenyewe. Vipovu vyeupe vikionekana kimoja kimoja, upepo uko noti 8 hadi 10. Vikiwa vingi kila mahali, uko kwenye 15. Uso wote ukiwa na vipovu na rasharasha zinapeperuka, umefika 20 au umepita. Usihesabu mapovu ya kwenye mwamba, hayo ni ya mawimbi.

Tazama bendera za mahoteli. Zikinyooka kwa utulivu, upepo ni sawasawa. Zikianguka na kurukaruka, una mapigo. Tazama ngalawa. Wavuvi wakikunja tanga katikati ya safari au wote wakirudi mapema, wana sababu. Nenda ukawaulize, na uulize kwa adabu:

"Shikamoo mzee. Leo bahari yaendaje?"

"Marahaba mwanangu. Asubuhi ilikuwa shwari, lakini maji yatoka kwa kasi. Usiende upande ule wa mlango."

Sentensi moja kama hiyo ina thamani kuliko grafu tatu. Na ukishauliza, sikiliza. Usimwonyeshe mzee wa watu simu yako.

Wakati huohuo hesabu vizuizi: waogeleaji, ngamia, boti za watalii, nanga na kamba zake, nyavu, na waya za umeme nyuma yako. Kamba za kaiti huwa na urefu wa mita 20 hadi 24. Upande upepo unakoelekea kusiwe na kitu kigumu kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu huo.

Hatua ya tano: chagua pa kuingilia

Nyali ina mchanga mpana maji yakiwa yamekupwa na nafasi ndani ya mwamba, lakini kuna vipande ambako kuta za nyumba na hoteli zimesogea mpaka kwenye maji. Tembea kwanza uone mahali pa kutua upande wa demani, yaani kule upepo unakokupeleka, si hapo unapoanzia tu. Wakati wa kaskazi utasukumwa kusini. Ukizidi kushuka upande huo unakaribia mlango wa hori ya Tudor na njia ya meli ziingiazo Kilindini. Huko si kwa kaiti.

Bamburi ina ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu wanaouita Pirates. Jumamosi, Jumapili na sikukuu unajaa familia, watoto na maboya ya matairi. Usipandishe kaiti pale siku hizo hata kama upepo unakuita. Katikati ya wiki, sogea mbali na umati.

Shanzu ni patulivu zaidi, ila mwamba na mawe viko karibu, na kaskazini yake kuna mlango wa hori ya Mtwapa wenye mkondo wake. Panamfaa aliyeiva, na wakati wa kusi asishuke kupita kiasi.

Sehemu kubwa ya maji haya imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuna ada za kuingia eneo la hifadhi, na matumbawe si ya kukanyagwa. Mguu mmoja unavunja kilichokua miaka mingi. Hili naliomba kwa moyo wote, kwa sababu mwamba huo huo ndio unaotupa maji laini ya kuchezea.

Hatua ya sita: ukubwa wa kaiti au tanga

Nguvu ya upepo haiongezeki kwa kiasi kile kile cha kasi. Upepo wa noti 20 hauna nguvu mara mbili ya ule wa noti 10, una nguvu mara nne. Kwa mtu wa kilo 75, kaiti ya mita 12 za mraba inafaa noti 14 hadi 18, ya mita 9 inafaa 18 hadi 25, na ya mita 7 inaanzia hapo. Kwa ubao wa tanga, noti 15 zinataka tanga la mita 7 hivi, noti 20 zinataka 5.5 au 6. Mwenye kilo 60 ashuke saizi moja, mwenye 90 apande moja.

Ukisitasita kati ya saizi mbili wakati wa kusi, chukua ndogo. Wakati wa kaskazi ya kabla ya adhuhuri, chukua ile ya saa nane, kwa sababu upepo utapanda ukiwa majini.

Pezi la ubao nalo liangaliwe. Pezi refu la sentimita 40 halifai hapa maji yakiwa chini ya kiuno. Vaa viatu vya majini, kofia ngumu na fulana ya kuelea, na uwe na kisu kidogo cha kukatia kamba pahali mkono wako unapapata bila kutafuta.

Hatua ya saba: kuingia na kurudi

Jaribu kifungo cha kuachia kaiti kabla ya kuipandisha, si siku moja moja bali kila mara. Mchanga wa hapa ni mwembamba na hukiziba. Ipandishe upande wa maji, kamwe si upande wa minazi. Kusi ikivuma moja kwa moja kutoka kusini-mashariki inakusukuma mchangani, basi ingia majini kwa miguu mpaka kiunoni ndipo upande ubao.

Dakika kumi za mwanzo nenda rudi karibu na ufuo, ukitafuta kama unaweza kupanda joshi, yaani kusonga upande upepo utokako. Ukiona kila ukirudi umeshuka zaidi, toka. Mkondo umekuzidi au kaiti haitoshi, na hali haitakuwa bora ukiwa mbali.

Weka saa ya kutoka kabla ya kuingia. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, giza linafuata upesi, na upepo wa alasiri huanza kulegea kabla yake. Saa kumi na moja uwe umeshakunja.

Mambo yakiharibika

Ndani ya mwamba, upepo ukikufia: achia nguvu ya kaiti, zungusha kamba kwenye fimbo unayoshikia kaiti, kuanzia ile ya usalama, ifikie kaiti, ishike ncha zake mbili ikuvute ufuoni. Mwenye ubao wa tanga akunje tanga na kuulaza mlingoti juu ya ubao, alale kifudifudi apige makasia kwa mikono. Usiuache ubao au kaiti iliyojaa upepo ukaanza kuogelea. Chombo kinaelea na kinaonekana, kichwa chako hakionekani.

Ukivutwa mlangoni, usishindane na mkondo. Ukate kwa pembeni, sambamba na mwamba, mpaka utoke kwenye maji ya buluu. Ukishatolewa nje, ujue kwamba mkondo mkuu wa pwani yetu unaelekea kaskazini, na wakati wa kusi unakaza zaidi. Watakaokutafuta waanzie upande wa Shanzu na Mtwapa, si pale ulipoingilia. Kwa hiyo mtu aliyebaki ufuoni lazima awepo, awe na simu, awe na namba ya mwenye boti wa karibu, ajue rangi ya kaiti yako na saa uliyosema utatoka. Saa hiyo ikipita kwa dakika kumi na tano na hakuoni, apige simu.

Viwiko au nyayo zikidungwa na ile miiba myeusi, usiichimbe kwa pini. Loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, na iliyozama ndani ya kiungo ikatolewe hospitalini.